SOMO: KAZI YA SHARTI NA KAZI YA BUSARA
Ni wakati gani afisa wa serikali hana ruhusa ya kukataa?

 

Katika safari zetu za kuvitembelea vikundi, kuna lalamiko moja tunalolisikia karibu kila mahali tunapoketi. Watu wanasema, "Tulienda ofisini, tukaambiwa turudi kesho." Ukiuliza ile kesho ilikuwa lini, unaambiwa ni mwaka jana. Kwa hiyo tumeamua kwamba somo la mara hii litahusu jambo hilo. Siyo somo la kuwafundisha watu kugombana na serikali. Ni somo la kutusaidia kujua ni kazi gani afisa anaifanya kwa uamuzi wake, na ni kazi gani ameamriwa na sheria aifanye, apende asipende.

Tuanze na kisa. Kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu, chenye wanachama kumi na wanne, kilitaka kusajiliwa ili kifungue akaunti ya benki na kupokea mbegu na mbolea za mkopo kabla ya mvua ndefu. Walipeleka fomu, katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano. Mara ya kwanza waliambiwa mkubwa yuko kwa mkutano. Mara ya pili, vitabu vya vyeti vimeisha. Mara ya tatu, afisa akawaambia, "Nitaangalia kama nyinyi mnafaa." Mara ya nne, mtu mmoja akawanong'oneza kwenye mlango kwamba mambo yangeharakishwa kama wangeleta pesa ya chai. Kila safari ilikula nauli ya watu watatu. Mara ya tano, katibu wao, mama mmoja aliyefika darasa la saba, alisimama akauliza kwa upole: "Bwana afisa, kuna karatasi yoyote tuliyokosa kuleta?" Afisa akaangalia faili, akasema hakuna. Yule mama akasema, "Basi kama hakuna inayokosekana, tafadhali tuandikie sababu ya kutotupa cheti, ili tukawaonyeshe wenzetu nyumbani." Cheti kilitoka wiki hiyo hiyo. Lakini mvua ilikuwa imekwisha kuanza, na mbegu za mkopo zilikuwa zimepewa vikundi vingine. Msimu ule ulipotea.

Je, yule mama alijua kitu gani ambacho wenzake hawakukijua? Hicho ndicho tunachotaka kujifunza.

MFANO WA MASHINE YA POSHO

Tuseme umepeleka debe la mahindi kwenye mashine ya kusaga. Bei imeandikwa ukutani, umelipa, mahindi ni makavu, na foleni yako imefika. Kazi ya kijana wa mashine ni kusaga. Haangalii ukoo wako, wala haulizi ulipiga kura upande gani. Hana la kuamua.

Sasa tuseme majirani wawili wanagombania mpaka, wamewaita wazee. Kazi ya wazee siyo kama ya mashine. Wao wanasikiliza huku na huku, wanaenda kuona miti ya mpaka, wanapima maneno, kisha wanaamua. Wazee wawili wenye haki wanaweza hata kutofautiana. Tumewapa nafasi ya kutumia busara.

Maafisa wa serikali wana kazi za aina hizi zote mbili. Katika somo hili, ile ya kwanza tutaiita kazi ya sharti. Ile ya pili tutaiita kazi ya busara.

Kazi ya sharti ni ile ambayo sheria imekwisha kuamua kila kitu. Sheria imesema: mtu akileta hiki na hiki, afisa atafanya hivi. Afisa anachopaswa kuangalia ni kama masharti yametimizwa. Yakishatimizwa, hakuna tena la kufikiria. Afisa akikataa, au akikaa kimya tu, hajatumia mamlaka yake, bali amevunja sheria.

Kazi ya busara ni ile ambayo sheria imempa afisa au kamati nafasi ya kuchagua. Hapo mwananchi hana haki ya kudai jibu fulani. Haki yake ni kwamba ombi lake lisikilizwe, liamuliwe bila upendeleo, kwa sababu za kweli, na kwa wakati unaofaa.

MIFANO TUNAYOIJUA SOTE

Hebu tuangalie mifano ya kazi za sharti.

1. Mtu aliyekamatwa na polisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Kama saa hizo zinaishia wakati mahakama imefungwa, basi afikishwe siku ya mahakama inayofuata. Mkubwa wa kituo hana ruhusa ya kusema, "Huyu ni mkorofi, akae hapa wiki moja ajifunze."

2. Cheti cha kuzaliwa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu azaliwe. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inampa msajili kazi ya kuandikisha uzazi ulioripotiwa jinsi inavyotakiwa. Ukichelewa zaidi ya miezi sita kuna ada na utaratibu wa ziada, lakini kuchelewa hakumfutii mtoto haki yake.

3. Vyeti vya raia. Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati nyingine za utambulisho zinazotolewa na serikali. Afisa anaweza kutaka uthibitisho kwamba wewe ni raia, na hapo ana nafasi ya kupima ushahidi. Lakini akisharidhika kwamba wewe ni raia na umri umefika, kitambulisho siyo zawadi yake.

4. Kupewa habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ofisi ya umma ijibu ombi lako la habari ndani ya siku 21. Inaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Kama habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, jibu ni ndani ya saa 48. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Na mtu asiyejua kuandika asirudishwe nyumbani. Afisa anayehusika anapaswa kumsaidia ombi lake liandikwe.

Sasa mifano ya kazi za busara.

1. Basari. Kamati ya basari ya kaunti ina pesa za watoto mia moja, na maombi ni mia tano. Ni lazima wachague. Huwezi kwenda mahakamani ukasema, "Nilijaza fomu vizuri, kwa hiyo nipewe." Lakini unaweza kulalamika kama waliopewa ni watoto wa wanakamati.

2. Kibali cha kuuza shamba. Bodi inayotoa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inapima mambo mengi: kama anayenunua ataweza kulilima vizuri, kama tayari ana ardhi ya kutosha, kama masharti ya mauzo yanamdhulumu mmoja wao. Bodi inaweza kukubali au kukataa. (Na msisahau: ombi lipelekwe kabla ya miezi sita kuisha tangu mpatane.)

3. Kumshtaki mtu. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye anayeamua kama ushahidi unatosha. Lakini polisi kukataa hata kuandika ripoti yako kwenye kitabu cha O.B. ni jambo lingine kabisa. Kuandika ni kazi ya sharti, kushtaki ni kazi ya busara.

KAZI MBILI NDANI YA OFISI MOJA

Hapa wengi wetu huchanganyikiwa, kwa hiyo twende polepole. Mara nyingi kazi moja ina sehemu mbili, ya busara na ya sharti, zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni.

Chukueni ile Bodi ya ardhi. Kukubali au kukataa ni busara yao. Lakini kukaa, kusikiliza na kutoa uamuzi siyo hiari yao. Bodi haiwezi kusema, "Hatutaki kuamua." Wana uhuru wa kuchagua jibu, hawana uhuru wa kutojibu.

Vivyo hivyo na kusajili kikundi. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, vikundi vyetu vina sheria yake. Afisa ana kazi ya kuangalia: Je, kikundi kina katiba? Kina wanachama wa kutosha? Madhumuni yake ni halali? Hapo anatumia macho na akili yake. Lakini akisharidhika kwamba yote yako sawa, kilichobaki ni cheti. "Nitaangalia kama mnafaa" haimo katika masharti. Ndiyo maana swali la yule mama lilikuwa zuri sana. Hakuuliza, "Utatusaidia lini?" Aliuliza kama kuna karatasi inayokosekana. Afisa aliposema hakuna, kazi ya busara ilikuwa imekwisha, ikabaki ya sharti peke yake.

NAMNA YA KUTAMBUA

Mnapokuwa na shida na ofisi fulani, ketini kama kikundi mjiulize maswali haya manne.

Swali la kwanza: Kazi hii imeandikwa katika sheria gani? Kama hakuna sheria, kanuni wala kifungu cha Katiba kinachosema kazi hiyo ni ya ofisi ile, basi mnaomba msaada tu, siyo haki.

Swali la pili: Sheria inatumia neno gani? Sheria zetu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Mkiona neno "shall" au "must", kwa kawaida ni sharti. Mkiona "may", kwa kawaida ni nafasi ya kuchagua. Lakini tahadhari: mahakama husoma sheria nzima, siyo neno moja. Wakati mwingine afisa amepewa uwezo kwa neno la kuchagua, lakini uwezo wenyewe umewekwa kwa faida ya mtu fulani, na mahakama ikasema ni lazima autumie. Kwa hiyo neno hilo ni alama ya njia, siyo mwisho wa safari.

Swali la tatu: Je, sisi tumetimiza masharti yote? Ada imelipwa? Siku hizi malipo mengi ya serikali hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, na ule ujumbe wa malipo ndio risiti. Msiufute.

Swali la nne: Baada ya masharti kutimizwa, kuna kitu chochote kilichobaki kwa afisa kuamua? Kama hakuna, basi hiyo ni kazi ya sharti.

SHERIA ZINAZOTUSIMAMIA

Kifungu cha 47 cha Katiba ni kizuri kila kikundi kikiweke kwenye daftari. Kinasema kila mtu ana haki ya kuhudumiwa na utawala kwa haraka, kwa ufanisi, kufuatana na sheria, kwa njia inayofaa na kwa utaratibu wa haki. Tena kinasema kama haki yako imeguswa vibaya au iko karibu kuguswa na uamuzi wa ofisi, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Ili kifungu hicho kifanye kazi, Bunge lilipitisha Sheria ya Haki katika Matendo ya Utawala mwaka wa 2015. Sheria hiyo inahesabu kutofanya kazi, na hata kuchelewa kupita kiasi, kuwa makosa ambayo mahakama inaweza kuyarekebisha. Kwa hiyo ofisi haiwezi kujificha ikisema, "Sisi hatujakataa, tumenyamaza tu." Kunyamaza nako ni jibu, na mwananchi anaweza kulipinga.

AMRI YA MANDAMUS

Mambo yakishindikana kabisa, iko amri ya Mahakama Kuu inayoitwa mandamus. Ni neno la Kilatini, na maana yake ni "tunaamuru". Ilianza Uingereza zamani sana, ikaja kwetu pamoja na sheria zao, na leo imo katika sheria zetu wenyewe. Kwa amri hiyo mahakama humwambia afisa: fanya kazi yako.

Lakini amri hiyo ina mipaka, na ni vizuri kuijua kabla ya kuuza mbuzi ili kumlipa wakili. Mwaka wa 1997 Mahakama ya Rufani iliamua kesi iliyohusu Baraza la Mitihani la Kenya, na mpaka leo mawakili na majaji wanaitaja. Tunaweza kuyaweka mafundisho yake hivi:

Moja, mandamus hutolewa kwa mtu au ofisi iliyopewa na sheria kazi ya umma, ikashindwa kuifanya, na wewe mwenye haki ukaumia.

Mbili, kama sheria imemwachia afisa achague njia ya kuifanya kazi ile, mahakama haitamchagulia. Itamwambia aifanye, lakini haitamwambia aifanye hivi au vile.

Tatu, kama kazi ilifanywa lakini ilifanywa vibaya, mandamus siyo dawa yake. Hapo unaomba amri ya kuufuta ule uamuzi mbaya. Ni kama hospitali: dawa ya malaria haitibu mkono uliovunjika.

Kuna mahali pengine amri hii inatumika sana. Tuseme umeishtaki serikali, kwa mfano gari lake lilikugonga, ukashinda na ukaandikiwa fidia. Sheria ya Kesi za Serikali haikuruhusu kwenda na madalali wa mahakama kunadi meza na magari ya serikali. Badala yake unachukua hati maalum ya mahakama inayoonyesha deni, unampelekea afisa mkuu wa fedha wa wizara hiyo, naye anapaswa kulipa. Hana nafasi ya kufikiria kama jaji aliamua vizuri au vibaya. Akikataa kulipa, Mahakama Kuu inaweza kumwamuru kwa mandamus, na akidharau amri hiyo anaweza hata kufungwa. Jambo hili siyo geni kwetu Afrika Mashariki. Huko Uganda, mwaka wa 1970, Mahakama Kuu ilitoa amri ya namna hiyo kwa afisa wa hazina alipe deni lililokwisha kuamuliwa.

HATUA ZA KUFUATA

Msikimbilie mahakamani. Sheria ya 2015 yenyewe inataka kwanza mtumie njia zilizomo ndani ya utawala. Tunawashauri hivi.

Hatua ya 1: Nendeni watu wawili au watatu, siyo mmoja, na mwe na daftari. Andikeni tarehe, ofisi mliyoingia, mliyeongea naye na alivyosema. Ulizeni kwa heshima: "Kuna kitu kinachokosekana?"

Hatua ya 2: Andikeni barua. Kiswahili kinatosha, kwa maana kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Toeni nakala mbili, na nakala yenu ipigwe muhuri wa "imepokelewa". Barua hii ni ya maana sana, kwa sababu mahakama itauliza: je, mlidai kazi hii ifanywe, na mkakataliwa? Mfano ni huu:

Kikundi cha ..............
S.L.P. ..............
Tarehe ..............

Kwa Afisa wa ..............

KUH: OMBI LETU LA TAREHE ..............

Bwana/Bibi,
Tarehe .......... tuliomba .......... Tulileta karatasi hizi: .......... Tulilipa ada ya shilingi .......... na nambari ya malipo ni ..........
Tumefika ofisini kwako tarehe .........., .......... na .......... bila kupata jibu.
Kama kuna sharti ambalo hatujatimiza, tafadhali tujulishe kwa maandishi ili tulitimize. Kama hakuna, tunaomba ombi letu litekelezwe kabla ya tarehe .......... Kama umekataa, tunaomba sababu kwa maandishi kama kifungu cha 47 cha Katiba kinavyosema.
Ahsante.
Mwenyekiti .......... Katibu .......... Mweka hazina ..........

Hatua ya 3: Siku zikipita, pelekeni nakala ya barua hiyo kwa mkubwa wa ofisi ile. Mara nyingi mambo huishia hapa.

Hatua ya 4: Lalamikeni kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo watu huiita Ofisi ya Ombudsman. Tume hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya watu waliocheleweshwa, waliodharauliwa au waliodhulumiwa na ofisi za umma. Hailipishi kitu kupokea lalamiko.

Hatua ya 5: Mahakama. Kama haki iliyoguswa imo katika Sura ya Haki za Katiba, kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi, na ikibidi mahakama inaweza kupokea hata maombi yasiyoandikwa kwa mtindo wa mawakili. Lakini ni afadhali mtafute ushauri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeweka huduma ya taifa kwa wasioweza kulipa wakili. Msikae mkingoja miaka, kwa maana mahakama haimpendi anayelala juu ya haki yake.

KUHUSU "KITU KIDOGO"

Wengine watasema, "Mbona mnatuzungusha hivyo? Si tutoe tu mia tano, kazi iishe?" Tunaielewa shida hiyo. Nauli za safari tano zinashinda mia tano. Lakini fikirini: pesa hiyo inanunua nini? Mnanunua kitu ambacho tayari ni chenu. Na mkishakinunua, kikundi kitakachokuja nyuma yenu nacho kitauziwa, tena kwa bei ya juu. Isitoshe, Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka kumi, au faini ya shilingi milioni tano, au vyote viwili. Ukiombwa, ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

UPANDE WETU NAO

Tusiwe watu wa kunyoosha kidole kwa wengine tu. Kikundi kingine tulichokitembelea kilikuja kwetu kwa hasira, kikisema kimenyimwa cheti miezi mitatu. Tuliomba kuona nakala zao. Kumbukumbu za mkutano hazikuwa na sahihi hata moja, na katika orodha ya wanachama majina mawili yalikuwa ya watu wasio na habari kabisa na kikundi. Afisa alikuwa amewaeleza hivyo tangu siku ya kwanza, nao wakamwita mla hongo mbele ya watu. Walirudi, wakamwomba msamaha, wakarekebisha karatasi, wakapewa cheti.

Hapo tunajifunza kwamba kazi ya sharti huanza na sisi. Mlango wa sharti una makomeo mawili: moja liko kwa mwananchi, lingine kwa afisa. Hatuwezi kumlaumu wa ndani kwa kutofungua kama letu la nje bado limefungwa.

Tena tukumbuke kwamba sheria inayomfunga afisa asitunyime haki ndiyo inayomfunga asimpe mtu asiyestahili. Ukimwomba chifu au karani "akusaidie" kwa kurukia sharti moja, unamfundisha kwamba sharti ni mali yake, la kuongeza na kupunguza. Kesho atakuongezea wewe.

Yule mama katibu tuliyemtaja mwanzoni bado anafanya kazi hiyo. Msimu uliofuata, kikundi chao kilipeleka karatasi zote mapema, miezi miwili kabla ya mvua, na daftari lao lilikuwa limeandikwa tarehe kila ukurasa. Walipata mbegu. Tulipomuuliza alipata wapi ujasiri, alicheka, akasema: "Ujasiri gani? Nilikuwa na nakala za karatasi zote kwa mkoba."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja huduma tatu mlizoomba ofisi ya serikali mwaka uliopita. Kila moja ilikuwa kazi ya sharti, ya busara, au mchanganyiko?

2. Mama mmoja ameomba basari na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake siku moja. Vyote vimekataliwa. Je, ana haki sawa juu ya vyote viwili? Elezeni tofauti.

3. Katika kikundi chenu wenyewe, ni kazi gani mwenyekiti au mweka hazina hana ruhusa ya kuikataa? Mwanachama akitaka kuona vitabu vya hesabu, hiyo ni sharti au busara? Someni katiba yenu mtafute jibu.

4. Nani katika kikundi atakuwa mwekaji wa nakala na daftari la safari za ofisini? Mchagueni leo kabla ya kufunga mkutano.